Maoni ya Mwalimu wa Darasa

Kwandu aliikataa benchi. Alisema benchi ya polisi hukaliwa na wezi, na yeye ni muuza maharage wa soko la Bugarama, anayejulikana mpaka ng'ambo ya mpaka. Alibaki amesimama katikati ya chumba, kanga imefungwa kiunoni, akaitupa karatasi yake mezani kama mtu anayerudisha dukani kitu alichouziwa kibovu.

"Hiyo hapo, afande. Isome na wewe. Soko zima limeshaisikia."

Inspekta Leonsia hakuigusa kwa vidole. Aliisogeza kwa ncha ya kalamu mpaka ikalala kando ya nyingine mbili, akainama. Herufi zilikuwa zilezile. Kubwa, moja moja, zimesimama sawasawa kwenye karatasi isiyo na mistari.

KWANDU. MUMEO ATAJUA ULIKOKUWA JUMAPILI. NYAMAZA KAMA ULIVYOZOEA KUNYAMAZA.

Barua ya kwanza ilimfikia Renatus wiki tatu zilizopita. Ilimwambia kwamba shemeji yake anamcheka nyuma ya mgongo na kwamba ndiye aliyeng'oa miramura, miti ya mpaka wa shamba. Renatus hakuuliza mtu. Alichukua panga, na kabla ya saa sita mchana shemeji yake alikuwa maiti. Miramura ilikutwa imesimama palepale ilipopandwa na babu zao. Barua ya pili ilimfikia Abeli, fundi baiskeli, mtu mpole asiyeweza kuua hata kuku. WAMESEMA WEWE NDIYE ULIYEMNOLEA RENATUS PANGA. POLISI WANAKUJA. Abeli alikimbia. Siku mbili baadaye mwili wake ulitolewa mto Ruvubu, na hakuna polisi aliyekuwa anamtafuta.

Hilo ndilo lililomnyima Leonsia usingizi. Mwandishi wa barua hakushika panga wala hakumsukuma mtu mtoni. Alijua tu ni neno gani la kumwambia nani.

"Jumapili ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Kanisani. Nilikuwa kwaya, sauti ya kwanza. Na mume wangu alikuwa nyuma yangu anapiga ngoma, na anapiga vibaya, ukitaka shahidi."

Koplo Danstan, aliyekuwa ameegemea dirisha, alicheka, kisha akaacha. Kule nje watu walikuwa wanaongezeka. Walikuja tangu asubuhi na ukungu ukiwa bado haujaondoka milimani, wakakaa ng'ambo ya barabara wakiwa na mawe mapajani, wakimsubiri Bulugu atolewe. Bulugu alikuwa mganga aliyehamia kutoka Shinyanga, na kijiji kilishaamua: anayezijua siri za mioyo ya watu namna hiyo ni mpiga ramli, na mpiga ramli wao ni huyo. Leonsia alimfungia mahabusu kumwokoa. Siku ya kwanza alimpa kalamu aandike jina lake, na mzee akaishika kama mpini wa jembe, akatoboa karatasi.

"Afande, huyu hajui hata A," Danstan alikuwa amesema siku hiyo.

Basi aliyejua alikuwa nani? Leonsia alikuwa ameshaufuata kila uzi. Renatus na Abeli hawakuwa ukoo mmoja wala kanisa moja. Hawakunywa kwenye kilabu kimoja. Walikuwa na umri sawa tu, miaka thelathini na moja, na hilo lingeweza kuwa bahati.

"Kwandu, una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja. Kwa nini?"

"Na huyu mtu anasema umezoea kunyamaza."

"Mimi?" Kwandu alijipiga kifua. "Mayo wee! Nimenyamaza lini mimi? Kwetu waliniita redio. Muulize mama yangu, muulize yeyote."

"Hata mara moja? Fikiri vizuri. Kuna mtu anakukumbuka umenyamaza."

Kwandu alifungua mdomo ajibu, halafu akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie. Aliivuta benchi ya wezi akakaa.

"Shuleni," alisema polepole. "Darasa la kwanza na la pili. Tulikuwa tumehama kutoka Kahama na ng'ombe wetu, mimi najua Kisukuma peke yake. Wenzangu wanaongea Kihangaza, mwalimu anaongea Kiswahili. Nilikuwa sielewi kitu. Siku moja nilijikojolea darasani kwa sababu sikujua kuomba ruhusa. Miaka miwili sikusema neno, afande. Nilipofika la tatu, Kiswahili kilikuwa kimeingia, na tangu hapo hakuna aliyeweza kunizima."

"Renatus alikuwa darasa hilo?"

"Alikuwa anatupiga wote."

"Na Abeli?"

"Abeli alikuwa akiitwa ubaoni anakimbilia nyumbani kwao. Kila mara." Kwandu alimtazama, na sauti yake ikashuka. "Si unajua, afande. Ulikuwa madarasa ya mbele. Mdogo wako Zita tulikaa naye dawati moja."

Leonsia alikuwa ameshashika simu. Ya Zita iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Akaiacha kalamu juu ya barua, akasimama.

"Washa gari," alimwambia Danstan. "Kirushya, kwa Zita."

Kwandu aliingia kiti cha nyuma bila kualikwa. Alisema barua ni mali yake na haondoki bila kuandikiwa karatasi yenye mhuri kwamba polisi wameichukua. Hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana naye.

Njiani Leonsia aliongea kwa sauti, kwa sababu akinyamaza alimwona Zita mtoni.

"Mtu anayemjua Kwandu wa sokoni hawezi kumwandikia anyamaze. Mtu anayemjua nyumbani hawezi. Aliyeandika anamjua Kwandu wa darasa la kwanza na la pili, basi. Baada ya hapo hakumwona tena."

"Mwanafunzi mwenzao," Danstan alisema.

"Mwanafunzi angepanda naye la tatu, angemsikia akipiga kelele mpaka la saba. Huyu alibaki nyuma. Kila mwaka watoto wanapanda, yeye anabaki na wapya."

Danstan alipunguza mwendo kupisha lori la ndizi. "Mwalimu."

Leonsia hakutaka kulitaja jina, na kutotaka kwake kulimwogopesha zaidi. Mwalimu Rogasian alifundisha darasa la kwanza na la pili miaka thelathini na moja. Ndiye aliyemshika mkono yeye Leonsia akamfundisha kuandika herufi L. Hakuwahi kumchapa mtoto. Sasa amestaafu, anafuga nyuki, na nyumba yake iko njiani, mita mia tatu kabla ya kwa Zita.

"Nishushe kwake. Wewe nenda moja kwa moja mpaka kwa Zita, ukimpata kaa naye, usimwache hata dakika."

Mwalimu Rogasian alikuwa barazani anamenya chungwa. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mezani kulikuwa na vikombe viwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Leonsia mwanangu. Karibu. Nilijua utakuja peke yako."

Leonsia alikaa. Kikombe cha pili kilikuwa kinatoa moshi.

"Ulijuaje?"

"Si kazi kubwa." Mzee alifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na furushi la karatasi zilizofungwa kwa kamba ya mgomba. Zilikuwa nakala za ripoti za shule, zile zenye safu ya alama za masomo na chini yake safu ya tabia na mwenendo: bidii, utii, uaminifu, ushirikiano. Wazazi hutazama hesabu na Kiswahili, safu ya chini hawaisomi. Alichomoa moja, akamsomea bila kutafuta miwani. "Leonsia. Maoni ya mwalimu wa darasa: Hana subira. Hutangulia mbele ya wenzake na hapendi kusindikizwa. Ulikuwa na miaka minane. Leo umekuja na nani?"

"Mwalimu, umezihifadhi zote?"

"Watoto mia nane na kitu. Wapo wanaosema mtu huzaliwa na tabia yake. Wapo wanaosema nyumba ndiyo inayomfinyanga, na wengine wanasema dunia haimalizi kumfinyanga mpaka afe. Nilisoma hayo yote chuoni na kwa posta. Lakini hao hawakukaa na watoto. Mimi nimekaa. Darasa la pili likiisha mtu ameshakuwa. Kinachobaki ni urefu na ndevu." Alitabasamu lile tabasamu lake la zamani. "Niliandika kurasa mia na ishirini nikapeleka ofisini. Ziliwekwa chini ya birika la chai. Niliziona mwenyewe."

Alisema hivyo bila hasira. Leonsia angependa aone hasira, maana hasira angejua cha kuifanya. 

"Renatus amemuua shemeji yake," alisema.

"Nimesikia. Nilimpa E ya ushirikiano. Akidhihakiwa hupiga kabla ya kuuliza."

"Na Abeli amekufa maji."

"Akiogopa hukimbia. Maskini."

"Wote walipata barua, Mwalimu. Na kuna ya tatu. Aliyeipata amesimama nayo sokoni Bugarama akaisoma kwa sauti, watu wakacheka."

Kisu cha chungwa kikasimama. "Haiwezekani. Kwandu hawezi kusema mbele ya watu watatu."

Nyuki walikuwa wanavuma kwenye mizinga. Leonsia aliacha sentensi ile ikae mezani kati ya vikombe viwili, mpaka mzee mwenyewe akaisikia.

"Sijamtaja Kwandu," Leonsia alisema.

Rogasian hakubabaika. Alionekana tu kama mwalimu aliyeletewa jibu asilolitegemea. Alitafuta kwenye furushi, akaitoa ripoti, akaigonga kwa kidole. "Mkimya kupita kiasi. Mwoga. Miaka miwili! Miaka miwili nilimwangalia mtoto huyu kila siku ya Mungu."

"Alikuwa hajui Kiswahili."

"Nini?"

"Walitoka Kahama. Alikuwa anajua Kisukuma tu. Hakuwa mwoga, Mwalimu, alikuwa haelewi unachosema. Nyumbani kwao walimwita redio."

Mzee aliitazama karatasi tena. Kisha akatoa kalamu nyekundu mfuko wa shati, akaifungua, na kuanza kulikata neno *mwoga* kwa mstari mnyoofu.  Watu wawili walikuwa kaburini, na huyu alikuwa anasahihisha alama.

"Basi huyo hahesabiki," Rogasian alisema. "Lilikuwa kosa la kipimo. Wawili kwa wawili. Bado mmoja."

Simu ilitetemeka mkononi mwa Leonsia. Danstan.

"Afande, hayupo. Mlango uko wazi, uji uko mekoni unaungua. Mume wake Protasi yupo, anasema alimwacha ndani."

Leonsia alisimama, kiti kikaanguka. Alimshika mzee kifundo cha mkono, mkono ule uliomwongoza kuandika L, akamfunga pingu moja na nyingine akaipitisha kwenye nondo ya dirisha. Mzee alimwachia mkono kama anayepimwa shinikizo la damu.

"Umemwandikia nini?"

"Kweli tupu. Kwamba alimlaza Abeli ghalani usiku ule alipotoroka. Niliwaona, mimi ni jirani. Hakukwambia, eti? Dada mtu ni polisi, angekwambiaje." Alivuta chungwa lake kwa mkono uliobaki huru. "Akiogopa hujificha. Nenda ukamwite, Leonsia. Nenda upesi."

Alikimbia. Njia ilipita katikati ya migomba, na majani makavu yalimpiga usoni. Alikuwa anajua sasa kosa la Zita, na lilikuwa dogo sana: alimpa mwenzake wa darasani mahali pa kulala. Nani angemfunga kwa hilo? Yeye mwenyewe angemkaripia, angemwambia aandike maelezo, ingekuwa imekwisha. Lakini Zita hakulijua hilo. Zita alijua tu kwamba Abeli amekufa.

"Zita!" aliita. "Zita! Ni mimi!"

Mbele, ndani ya shamba, kitu kiliburuzika juu ya majani makavu. Kisha kimya.

"Zitaaa! Toka, ni mimi dada yako!"

Danstan alitokea upande wa nyumba akipunga mkono, anakimbia, uso umemharibika. "Usiite, afande! Usiite!" Alikuwa na karatasi. "Ilikuwa chini ya chupa ya chai."

Ilikuwa na herufi zilezile. ULIMFICHA ABELI NA SASA AMEKUFA. DADA YAKO AMEJUA. UKISIKIA SAUTI YAKE INAKUITA, UJUE PINGU ZIMEFIKA.

Aliisoma mara moja. Alikuwa ameita mara tatu. Mzee alimwambia nenda ukamwite, naye akaenda, akamwita, kama mtoto anayetumwa chaki. Alijifunika mdomo kwa kiganja akabaki amesimama, akiogopa mdogo wake asije akasikia hata pumzi zake.

Protasi alikuja nyuma ya Danstan, mikono ina masizi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwandu ndiye aliyembana.

"Asubuhi mlikuwa mnafanya nini, shemeji?"

"Nilikuwa nachoma urwina. Tunavundika ndizi za pombe. Nimewasha majani shimoni lipate joto, nikaenda kukata mikungu."

"Mmeshazifukia?"

"Bado. Zile pale."

Leonsia alitazama alipoonyesha. Mikungu kumi na miwili ya ndizi za pombe, mibichi, imelundikwa chini ya mti wa mruku. Hatua sita kutoka hapo lilikuwa shimo lenyewe la kuvundikia. Na shimo lilikuwa limeshafunikwa majani ya migomba, mabichi, yamepangwa vizuri.

Ndizi ziko nje. Nani aliyefunika shimo tupu?

Moshi mwembamba ulikuwa unapenya pembeni mwa majani. Mwaka ule wa darasa la pili, Zita alivunja mtungi wa mama, akajificha kwenye urwina mpaka jioni, shule nzima ikamtafuta, Mwalimu Rogasian akiongoza. Siku ile shimo lilikuwa baridi. Hili lilikuwa limechomwa saa mbili zilizopita, na makaa ya majani hayaui kwa moto. Huua kwa moshi, kwa kumlaza mtu.

Hakusema. Alimshika Kwandu bega, akamwonyesha kwa kidole.

Kwandu alielewa. Alianza kuongea kabla hajafika, kwa ile sauti ya sokoni, bila kuharakisha. "Zita wee, ni Kwandu, wa dawati lako. Na mimi nimepata barua yangu, mwenzangu! Ya uongo mtupu, eti ninyamaze, mimi! Nimekuja tucheke." Huku anaongea, anayavuta majani kwa mikono miwili na kuyatupa nyuma. Moshi ukamjaa usoni, akakohoa, akaendelea kuongea. Kisha akaruka ndani, na maneno yakakatika.

"Nishikeni! Amelegea! Nishikeni huku!"

Danstan na Protasi walimpokea. Zita alitoka mweusi kwa masizi, kichwa kimeanguka upande, midomo imebadilika rangi. Walimlaza kwenye majani. Protasi alikuwa anamwita Mungu kwa Kihangaza. Leonsia alipiga magoti, akamlaza chali, akamfungua nguo kifuani, akampulizia hewa kama alivyofundishwa chuoni kwa mwanasesere wa mpira, akahesabu, akapuliza tena, na kila alipohesabu alijua kwamba kelele zake mwenyewe ndizo zilizomsukumia mdogo wake humo ndani.

Zita alikohoa. Alitapika maji meusi, akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akavuta nyingine. Kwandu alikaa chini palepale akaanza kulia kwa sauti kubwa, bila aibu yoyote.

"Yupo," Danstan alisema. "Afande, yupo. Nalileta gari."

Macho ya Zita yalifunguka taratibu. Yalimpita Protasi, yakampita Kwandu, yakamfikia Leonsia, na hapo yakaganda. Alijikusanya kwa viwiko. Hakuwa na nguvu ya kusimama, kwa hiyo alijivuta kinyumenyume, kiwiko baada ya kiwiko, akirudi kwenye mdomo wa shimo linalofuka, mpaka Protasi akamkamata kiuno.

"Zita," Leonsia alinong'ona. "Ni mimi."

Zita aliviweka viganja vyake viwili pamoja, akavinyoosha mbele, tayari kufungwa.

"Afande," alisema, "mimi sikumuua."